Wanafunzi Ndio Wanaoona Kwanza: Hotuba kwa Walimu wa Sekondari, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule, walimu wa malezi na unasihi, matroni na patroni, na walimu wa masomo yote mliofika kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa na hapa mjini, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa magonjwa ya akili katika shule za sekondari. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kazi yangu ni kumpokea mgonjwa anapofikishwa hospitali, kumsikiliza, na kuwahoji waliomleta ili kujua hali yake ilianza lini. Majibu ya swali hilo la mwisho ndiyo yaliyonileta mbele yenu. Mzazi hutaja wiki mbili au tatu. Mwalimu, kama yupo, hutaja siku ambayo kijana aliletwa ofisini kwa kosa la nidhamu. Rafiki aliyelala naye bweni moja, akibahatika kuulizwa, hutaja miezi. Wanafunzi wanaona mapema kuliko sisi sote, na wanakaa kimya na walichokiona kwa sababu hakuna aliyewafundisha kuwa huo ni ugonjwa, kwamba una tiba, na nani wa kuambiwa. Ninachoomba leo ni kwamba wafundishwe wao wenyewe, darasani, magonjwa hayo yakitajwa kwa majina, pasipo kuzungukazunguka.

Umri wao unadai hivyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya matokeo ya tafiti 192 na kuhusisha watu zaidi ya 700,000, ulionyesha kuwa takribani theluthi moja ya watu wanaopata ugonjwa wa akili huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, karibu nusu kabla ya miaka 18, na kwamba umri ambao wengi zaidi huanza kuugua ni miaka 14 na nusu. Kwa shule zetu huo ni umri wa kidato cha kwanza na cha pili. Skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo ambayo hayapo, huchelewa kidogo. Mara nyingi hujitokeza kuanzia mwisho wa ujana hadi miaka ya ishirini, yaani kidato cha tano, cha sita na chuoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Sitaki mtoke hapa mkigawanya idadi ya wanafunzi wenu kwa saba, kwa maana ndani ya hesabu hiyo yamo matatizo ya kila namna, makubwa na madogo. Nataka tu tukubaliane kwamba jambo hili limo katika shule za kutwa na za bweni, za kata na zile zinazoongoza kwa ufaulu.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya ziada. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe imekuwa katika mji huu tangu mwaka 1927, na pamoja na Taasisi ya Isanga, inayopokea wagonjwa wanaoletwa kwa amri za mahakama, imewahudumia Watanzania wa mikoa mingi. Ingetarajiwa watoto wanaokua jirani na hospitali kama hiyo waujue ugonjwa wa akili kuliko watoto wa mahali pengine. Hali ilivyo, mtoto wa darasa la pili tayari anajua kumtania mwenzake kwamba atapelekwa Mirembe, na anapofika sekondari hilo ndilo somo pekee alilonalo kuhusu hospitali hiyo, kwamba ni mahali pa kuchekwa na kuogopwa. Hajui kwamba wapo wagonjwa wengi wanaohudhuria kliniki, wakachukua dawa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, na kwamba miongoni mwao wamo walimu, wafanyabiashara, askari na wanafunzi. Utani huo tunauvumilia hata sisi watu wazima, na gharama yake naiona pale mzazi anapokataa rufaa ya mwanawe kwa sababu ya jina la mahali anapoelekezwa.

Niruhusuni nieleze kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha kijana mwenyewe. Alikuwa kidato cha tano katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Alilala juu ya kitanda cha dabo deka, na chini yake alilala mwenzake wa darasa moja. Huyu wa chini ndiye aliyeona kwamba mwenzake anaamka saa nane za usiku kufua shati ambalo lilikuwa safi. Aliona kwamba ameacha kwenda bwalo, kwa maelezo kuwa uji umewekwa kitu. Aliona karatasi za daftari zilizobandikwa kwa ugali kwenye kioo cha dirisha ili watu wa nje wasiyasome mawazo yake. Akawa anambebea chakula, anaitikia jina lake wakati wa kuhesabiwa, na kumwandikia nukuu za vipindi alivyokosa. Alifanya hayo kwa zaidi ya miezi miwili, na aliyafanya kwa upendo. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu yeyote, alinijibu kwamba alidhani rafiki yake amerogwa kwa ajili ya kufaulu kwake, na kwamba kama angesema, mwenzake angefukuzwa shule.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Siku jambo lilipofika ofisini lilifika kama kosa, kwa kuwa kijana alikataa kutoka bwenini wakati wa vipindi na akamtukana mwalimu wa zamu. Alihojiwa kuhusu bangi, akachapwa ili akiri, akasimamishwa masomo. Nyumbani alipelekwa kwa mganga, kisha kwenye maombi, na alipofikishwa kwetu miezi mingine minne ilikuwa imepita. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kusoma. Hata hivyo, tafiti zimethibitisha mara nyingi kuwa katika skizofrenia na magonjwa yanayofanana nayo, kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu bila tiba tangu dalili za kwanza, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu. Ile miezi ya bwenini ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko yote, na aliyekuwa nayo mikononi ni kijana mdogo ambaye hakukosa uangalifu wala huruma. Alikosa maarifa ambayo yangeingia katika vipindi vichache.

Kwamba vipindi vichache vinaweza kuleta tofauti, ushahidi upo. Jaribio lililofanyika katika nchi 10 za Ulaya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la The Lancet, lilihusisha wanafunzi zaidi ya 11,000 wa shule 168, wengi wakiwa na umri wa miaka kama 15. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Katika kundi la kwanza walifundishwa walimu namna ya kumtambua mwanafunzi aliye hatarini. Katika la pili wanafunzi walijaza dodoso, na wale walioonekana kuwa na dalili wakaitwa na wataalamu. Katika la tatu wanafunzi wenyewe walifundishwa kuhusu afya ya akili kwa saa 5 ndani ya wiki 4, wakijadiliana na kuigiza mambo yanayowatokea kweli, mathalani rafiki anapokwambia kuwa amechoka kuishi. Kundi la nne lilibandikiwa mabango ukutani, basi. Baada ya mwaka mmoja, ni kundi la tatu peke yake lililotofautiana kwa maana na lile la mabango: waliojaribu kujiua katika kundi la wanafunzi waliofundishwa walikuwa 14, na katika kundi la mabango walikuwa 34, ilhali makundi hayo yalikaribiana kwa ukubwa. Shule zao zina mambo ambayo zetu hazina, na waliofundisha huko walikuwa wakufunzi walioandaliwa mahsusi, kwa hiyo sidai kwamba tutapata matokeo yaleyale hapa. Ninachokichukua katika jaribio hilo ni kwamba kumfundisha mwalimu peke yake hakukutosha.

Najua wapo kati yenu wanaoogopa kutamka habari za kujiua mbele ya wanafunzi kwa kuhofia kuwapandikizia wazo ambalo hawakuwa nalo. Ni hofu ya mlezi mwema, nami naiheshimu, lakini tafiti zilizochunguza jambo hilo hazikuona kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua kunamwongezea wazo hilo; wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Kinachodhuru ni kusimulia njia iliyotumika, kumsifu marehemu kana kwamba amefanya ushujaa, na kutangaza habari hizo mstarini. Kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29 duniani, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Kwa upande wetu kuna uzito mwingine, kwamba Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wanafunzi wanalijua hilo kuliko mnavyodhani. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Waambieni waziwazi kwamba mwanafunzi aliyejaribu kujidhuru hukimbizwa hospitali kwanza, na kwamba mwenzake aliyetoa taarifa amemwokoa, hakumchongea.

Sasa, tufundishe nini? Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa kufundisha vibaya kupo. Mwalimu wa Biolojia, ambaye tayari anafundisha ubongo na neva, atavutwa kueleza kwamba ugonjwa wa akili ni hitilafu ya kemikali za ubongo, akaishia hapo. Tafiti zilizolinganisha maelezo ya namna hiyo zimeonyesha kuwa yanapunguza lawama kwa mgonjwa, lakini hapohapo yanawafanya wasikilizaji waamini kwamba hatapona na kwamba ni mtu wa hatari. Mwanafunzi anapaswa kusikia yote kwa pamoja: kwamba kurithi kumo, ubongo umo, na pia umo ukatili wa nyumbani, msiba, njaa ya miaka ya ukame, ulevi, na maradhi ya mwili, kwamba zipo dawa, kwamba yapo mazungumzo ya tiba, na kwamba wengi hupata nafuu wakaendelea na maisha yao.

Kila ninapoalikwa shuleni naomba kiwekwe kisanduku cha maswali siku moja kabla, ili asiyetaka kuonekana apate kuuliza. Karatasi moja, iliyochanwa katikati ya daftari la hesabu na kukunjwa hadi ikawa ndogo kama kipande cha chaki, iliandikwa: “Mama yangu anaongea peke yake usiku na watu wanamwita kichaa. Je, na mimi nitakuwa hivyo?” Mwandiko ulikuwa mzuri, umenyooka mstarini. Swali hilo lina jibu, na jibu lake halihitaji kufichwa. Katika watu 100 wa kawaida, takribani mmoja hupata skizofrenia; katika watoto 100 ambao mzazi mmoja anaugua ugonjwa huo, takribani 10 hupata, na 90 hawapati. Nililisoma mbele ya darasa zima bila kutafuta aliyeandika, nikatoa jibu hilo, nikaongeza kwamba kijana mwenye mzazi mgonjwa ana sababu ya kipekee ya kukaa mbali na bangi, na ana haki ya kumpenda mama yake pasipo aibu. Naamini katika kila shule yenu yupo anayelibeba swali hilo tangu alipoanza kidato cha kwanza, na hajapata mtu mzima wa kumjibu.

Kuhusu bangi, tuseme ukweli wote. Kuvuta bangi katika umri wa ujana kunaongeza hatari ya kupata saikosisi, yaani hali ya kushindwa kutofautisha mambo ya kweli na yasiyokuwepo, hasa kwa anayevuta mara kwa mara na kwa mwenye ndugu wanaougua, na wanafunzi waelezwe hivyo. Lakini si kila anayeongea peke yake amevuta, na kumchapa kijana mgonjwa ili akiri alichokifanya au ambacho hakukifanya ni kumwongezea maumivu na kuchelewesha tiba.

Vivyo hivyo, mwanafunzi anayebadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, akiwa na homa, akiweweseka na kushindwa kutambua alipo, asipelekwe kwenye maombi wala kwenye kikao cha nidhamu. Malaria ikipanda kichwani inaweza kuua kwa saa chache. Hilo ni la hospitali usiku uleule.

Jambo jingine ambalo kila matroni hapa analifahamu ni wasichana kuanguka bwenini, mmoja akipiga kelele na wengine wakifuata, mpaka wazazi wanaitwa na shule inafungwa kwa kisa cha mapepo. Nchi yetu ina mfano wa jambo hilo unaosomwa na madaktari duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Ilipofika tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hali hiyo ikasambaa hadi vijijini walikorudi. Madaktari waliofika kuchunguza, ambao waliandika taarifa yao mwaka 1963, hawakukuta sumu wala vijidudu, na hakuna aliyekufa. Mkazo wa mawazo unapokuwa mkubwa na watu wanaishi pamoja, mwili wa mmoja hujibu, na mwili wa anayemtazama hufuata. Wasichana hawa hawajifanyi, na ni kosa kuwaadhibu. Waliopatwa wahamishwe kwa utulivu mahali pasipo na watazamaji, wengine waendelee na ratiba yao, na baadaye tuulize ni jambo gani pale shuleni linalowaelemea. Mwanafunzi aliyefundishwa habari ya Kashasha kabla ya siku hiyo huenda akaogopa kidogo kuliko wengine, au asiogope kabisa, na woga ndio unaolisambaza jambo lenyewe.

Wengi wa wanafunzi wetu, na tusijidanganye, wengi wetu pia, wameelezwa tangu utotoni kwamba ugonjwa wa akili ni kurogwa. Sishauri mwalimu aanze kwa kukejeli imani ya nyumbani kwao. Kijana akilazimishwa kuchagua kati ya baba yake na mwalimu wake atamchagua baba yake, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwambieni kwamba familia inaweza kusali na mgonjwa akahudhuria kliniki wiki hiyohiyo. Kisichofaa ni kumfunga kamba, kumpiga, kumnyima chakula, au kumwachisha dawa kwa kuwa ameombewa na anaonekana mzima. Ujumbe huo nimeona ukipokelewa hata na wachungaji na masheikh, na kiongozi wa dini anayesema “nenda na hospitali” ana nguvu kuliko mimi.

Upo pia upande wa kuzidisha, na tuuepuke. Huzuni ya kufeli mtihani, hasira ya kuachwa na rafiki, woga wa kusimama mbele ya darasa, hayo ni maisha. Sonona ni hali inayodumu kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, kijana akipoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na chakula vikivurugika, akijiona hafai, na masomo yakimshinda. Nchini Uingereza, jaribio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 na kuchapishwa mwaka 2022 lilifundisha darasa zima mazoezi ya kutuliza na kuchunguza mawazo, na halikuonyesha kuwa na faida kuliko masomo ya kawaida ya shule zile. Wapo watafiti wanaoonya kwamba kumfanya kila kijana ajichunguze hisia zake kila wakati kunaweza kumfanya anayehuzunika tu ajione mgonjwa. Ndiyo maana naomba tufundishe magonjwa yenyewe, dalili zake, na pa kwenda, na tusigeuze kipindi kuwa mahali pa kila mmoja kueleza maumivu yake mbele za watu.

Mtaniuliza: sisi ni walimu wa Jiografia na Kiswahili, tutayajulia wapi haya? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha jambo linalopaswa kuwatia moyo. Kwa watu wazima, kinachopunguza unyanyapaa zaidi ni kukutana na mtu aliyeugua na akapona. Kwa vijana wa umri wa shule, kufundishwa ndiko kulikopunguza zaidi. Kufundisha ndiyo kazi yenu. Na hapa Tanzania, walimu wa sekondari mkoani Arusha walipatiwa mafunzo mafupi na kundi la watafiti lililoongozwa na daktari Stan Kutcher wa Kanada, na taarifa ya mwaka 2016 ilionyesha kuwa maarifa yao yaliongezeka na mtazamo wao kwa wagonjwa ukawa bora. Walikuwa walimu kama ninyi, wenye madarasa yaliyojaa kama yenu. Hamtaombwa kutibu wala kutaja mwanafunzi fulani ana ugonjwa gani. Mtaombwa kufundisha, kusikiliza, kuandika barua ya kumpeleka hospitali, na kutunza siri. Hilo la siri nalisisitiza kwa wakuu wa shule: mwanafunzi mmoja akitajwa ofisini mbele ya walimu wanaokunywa chai, wanafunzi wote watajua kufikia jioni, na hakuna atakayekuja tena.

Kuhusu muda, sioni haja ya kusubiri mtaala. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hupokelewa Januari, na wa kidato cha tano Julai, na kila shule ina wiki ya kuwaelekeza sheria za shule, mipaka na ratiba. Naomba vipindi viwili katika wiki hiyo, na vingine vitatu katika muhula, kwenye muda wa mdahalo. Katika kipindi cha mwisho kila mwanafunzi aandike ndani ya jalada la daftari lake jina la mwalimu atakayemwambia, jina la mtu mzima wa nyumbani anayemwamini, na kituo cha afya kilicho karibu na shule. Maswali niliyoyakusanya katika visanduku, yakiwa hayana majina ya wanafunzi wala ya shule, nimeyachapa pamoja na majibu yake, na nakala ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Baada ya mapumziko tutayapitia moja moja, na ningependa kuanza na yale ambayo ninyi wenyewe mmeshaulizwa.